Neno "Mtumba" na Heshima Yake

Yako maneno ambayo watu huyatumia kila siku hata wakaacha kuyatazama. Huwa kama kizingiti cha mlango: kila aingiaye hukikanyaga, wala hakuna aulizaye kilichongwa kwa mti gani. Hapa Mchikichini, nilipotua baada ya kustaafu ualimu, neno la namna hiyo ni mtumba. Tangu alfajiri mizigo inaposhushwa, mpaka jioni wauzaji wanapokunja maturubai yao, neno hilo halitoki masikioni. Shati ni mtumba, kiatu ni mtumba, pazia ni mtumba. Gari lililotoka Japani nalo ni mtumba, na simu iliyokwisha kutumiwa na mwingine ni mtumba vilevile. Siku hizi hata binadamu huitwa mtumba, na hapo ndipo nilipoona yafaa nishike kalamu.

Nataka kulipima neno hili kama mwalimu anavyopima insha ya mwanafunzi: limetoka wapi, linasema nini, wapi limepata na wapi limekosea. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji asihangaike kuitafuta. Naona neno mtumba linasingiziwa. Tumelibebesha uchakavu na aibu, mambo ambayo kwa asili yake halikuwa nayo, kisha aibu hiyohiyo tunaitumia kuwapigia wenzetu.

Hebu tuanze na asili. Liko neno tumba. Watu wa pwani husema tumba la ua, yaani ua ambalo bado halijachanua, limejifunga na kuficha rangi yake ndani. Husema pia tumba kwa maana ya mfuko mrefu wa kutilia nafaka, na kwa maana ya kifuko cha kuhifadhia kitabu. Katika matumizi yote hayo wazo ni moja: kitu kilichofungwa, kilichotuna, chenye jambo la thamani ndani yake ambalo macho hayajaliona. Mtumba ni wa ukoo huohuo. Ni bunda lililofungwa likakazwa. Ndani ya neno hilo hamna hata chembe ya ukale. Mtu akitaka kusema kuwa nguo ni ya zamani, Kiswahili hakikumnyima maneno: atasema kuukuu, atasema chakavu, na ikizidi atasema tambara. Mtumba hueleza jinsi kitu kilivyofungwa. Hauelezi umri wake.

Ushahidi upo. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, ambayo sisi walimu wa rika langu tuliikuta katika maktaba za vyuo vya ualimu, inaueleza mtumba kuwa ni mzigo wa mtu mmoja, hasa wa nguo, uliofungwa kwa ajili ya safari ya msafara. Nguo zilizovaliwa na kuvuliwa hazimo katika maelezo hayo. Mtunga kamusi hakusahau kitu. Aliandika jinsi watu walivyosema, na wakati huo mtumba ulikuwa mali mpya kabisa.

Turudi basi kwenye misafara. Katika karne ya 19, Bagamoyo na bandari nyingine za Mrima zilikuwa milango ya safari ndefu za kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya bara kuja pwani, pembe za ndovu zikiwa mbele, na wakarudi na mizigo ya pwani kwenda bara. Mzigo mkubwa wa kwendea bara ulikuwa nguo. Majora yalikunjwa, yakabanwa, yakafungwa kwa kamba mpaka yakawa bunda refu mithili ya mto wa kitandani, lenye uzito wa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Huo ndio mtumba. Mwanamume mmoja aliuweka begani au kichwani na kutembea nao kwa miezi.

Nguo hizo zilikuwa fedha ya njiani. Zilipimwa kwa mkono, kwa shuka na kwa doti: mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti. Kwa doti za nguo msafara ulinunua chakula, ukalipa wapagazi, ukalipa na hongo kwa watawala wa nchi uliyopita, hususan katika Ugogo. Nalitaja neno hongo kwa makusudi. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa mchana kweupe mbele ya watu wote, tena baada ya kujadiliana. Leo hongo ni rushwa, nayo hupita chini ya meza. Mtumba na hongo ni maneno yaliyotembea pamoja katika njia moja, na yote mawili yameporomoka. Tofauti ni kwamba hongo iliporomoka kwa sababu tendo lenyewe limekuwa ovu. Mtumba umeporomoka pasipo tendo lolote ovu la kuuhukumu.

Ndani ya mtumba wa zamani kulikuwa na nini? Kulikuwa na kaniki, kulikuwa na vitambaa vya Bara Hindi, na juu ya vyote kulikuwa na merikani. Hicho ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kigumu na cha kudumu, kilichofumwa katika viwanda vya Marekani ya kaskazini-mashariki na kuletwa Unguja na majahazi ya wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa kile kikaenea mpaka kikabeba jina la nchi kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 viliikatiza biashara hiyo, na vitambaa vya kwingine vikajaza pengo, lakini jina la merikani lilibaki.

Hapa naomba msomaji atue kidogo. Mtumba wa babu zetu ulitoka Marekani ukiwa mpya. Mtumba wa leo hutoka Marekani, Ulaya na nchi nyingine, ukiwa umevaliwa. Bandari ni zetu zilezile, bega ni letu lilelile, na neno ni lilelile. Kilichobadilika ni kile ambacho wenzetu wanatia ndani ya bunda. Sasa, je, ni haki kulilaumu bunda?

Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914 iliwapokonya wapagazi mizigo yao. Walakini mwaka huohuo wa 1914 vita vikaanza, na mabega ya watu yakatakiwa tena. Waingereza walipoutwaa mji huu Septemba 1916, kikosi chao cha wabeba mizigo kilipiga kambi katika eneo ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina la kikosi hicho: Kariakoo. Maelfu kwa maelfu ya wabebaji wa vita ile walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana asiyeubeba huuona mwepesi. Sisi tunaokaa Mchikichini, mwendo wa miguu tu kutoka Kariakoo, tunaishi jirani na jina la watu waliobeba. Neno mtumba lina haki zaidi ya kukaa hapa kuliko mahali pengine popote.

Baada ya hapo neno lilisinzia. Nilipokuwa kijana, mtumba lilikuwa neno la vitabu vya historia. Nguo tulizozijua zilikuwa za viwanda vyetu: Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex cha Mwanza, na vingine. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980. Walioishi wakati huo hawahitaji kukumbushwa: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, khanga kwa foleni. Walimu tuliingia darasani na suruali zenye viraka magotini na makalioni, tukajifunza kuandika ubaoni bila kuwapa wanafunzi mgongo kwa muda mrefu. Mwalimu anayefundisha usafi huku amejibanza ukutani ni taabu kumheshimu.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Mwaka uliofuata Mzee Ali Hassan Mwinyi alishika urais, na milango ikazidi kufunguka, hata wananchi wakampa jina la Mzee Rukhsa. Nguo za kuvaliwa zikamiminika. Zilifika zimebanwa katika mabunda makubwa, na watu walipoyaona mabunda yale wakaliamsha neno la wapagazi. Nani wa kwanza kuliamsha, hilo ni siri ya soko. Lakini aliyefanya hivyo alikijua Kiswahili. Aliona bunda, akaliita bunda. Baadaye jina la chombo likahamia kwa kilichomo, kama vile tunavyosema "kula sahani mbili" hali hakuna aliyekula sahani.

Uzuri wa neno hili huonekana zaidi ukilinganisha na majina mengine. Wazambia huziita nguo hizi salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kupekuapekua rundo. Wanyarwanda walichukua kitenzi chetu chagua, wakakiandika caguwa, wakakifanya jina. Majina hayo mawili yanamtazama mnunuzi: yanaueleza mkono wake ukifukua. Sisi wenyewe tulikuwa na jina jingine, kafa Ulaya, lililotania kwamba mwenye koti hili hakulitoa kwa hiari, bali alifariki. Jina hilo linachekesha, lakini linamvika mtu kifo cha mwenzake. Mtumba haumtazami maiti wala haumtazami mnunuzi anayeinama. Unaitazama safari: kitu hiki kilifungwa, kikapakiwa, kikabebwa, kikafika. Kwa maoni yangu hilo ndilo jina la staha kuliko yote.

Tena ni jina la kweli, kwa kuwa biashara yenyewe bado ina maana ya tumba lililojifunga. Anayetaka kulijua hilo aende akasimame karibu na mwanamke anayenunua robota. Neno robota nalo asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kufunga. Mara nyingi robota huwa la kilo 45, limezungushiwa nailoni na kukazwa kwa mikanda. Nje limeandikwa aina ya nguo: za watoto, mashati, magauni. Ndani hakuna ajuaye. Mnunuzi hulipa kwanza ndipo afungue. Aghalabu fedha yenyewe ni ya mkopo au ya mchezo wa upatu. Mkanda unapokatwa, nguo hufumuka zenyewe, na kwa muda mfupi mama yule hasemi neno. Kisha mikono huanza kutenganisha: hizi za daraja la kwanza, hizi za kati, hizi za kumwaga chini na kuuza kwa bei ya kutupa. Robota jema ni ada ya shule ya muhula mzima. Robota baya ni deni. Soko la Karume hapa Ilala lilipoteketea kwa moto Januari 2022, kilichoungua hakikuwa matambara, kama nilivyomsikia mtu mmoja akisema kwa kejeli. Ziliungua ada, kodi za nyumba na mikopo.

Sasa tufike kwenye makosa. Kwanza niondoe lile lisilo kosa. Wapo wasomi wanaolalamika kwamba si sahihi kusema gari la mtumba, maana gari halifungwi kwa kamba likawa bunda. Malalamiko hayo hayana uzito. Lugha zote hupanua maneno kwa kufananisha, na gari lililotumika ng'ambo kisha likavuka bahari limefanana na shati la mtumba kwa kila jambo isipokuwa kufungwa. Acheni neno litembee. Hiyo ndiyo kazi lililozaliwa nayo.

Kosa linaanza neno linapotoka kwa vitu likaingia kwa watu. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilisikia wanafunzi wakimwita mtumba mwenzao aliyehamia kutoka shule nyingine. Wachezaji wa mpira waliorudi kutoka nje huitwa mitumba na mashabiki. Na hapa mtaani kwetu binti mmoja, aliyeachika akiwa na mtoto mchanga, alipata mchumba mwingine. Vijana wa kijiweni wakamwambia yule mwanamume kwa sauti, binti akisikia, kwamba ameokota mtumba. Mwanamume alicheka, wakacheka wote. Tangu siku hiyo binti yule hapiti tena njia ile. Akienda sokoni huzunguka nyuma ya nyumba, njia yenye matope, mtoto mgongoni.

Nilizungumza na mmojawapo wa vijana wale. Alinijibu, kwa adabu, "Shikamoo babu, lakini hilo ni neno tu." Basi nalitazame kama neno tu, kwa sarufi. Kiswahili kina kanuni tukufu kuhusu viumbe wenye uhai. Jina liwe na umbo lolote, likimtaja mtu hupewa upatanisho wa mtu. Hatusemi kijana hiki, twasema kijana huyu. Hatusemi kipofu kile, twasema kipofu yule. Hata mwizi wa kutumia silaha lugha haimvui utu wake: ni jambazi huyu, jambazi yule. Lakini sikiliza vizuri wanaomwita mwanamke mtumba. Husema "mtumba ule". Wamemnyima binti wa watu kile ambacho sarufi yetu humpa jambazi. Kwa hiyo si kweli kwamba ni neno tu. Sarufi imeshuhudia kilichokusudiwa.

Pili, tusi lenyewe limesimama juu ya imani kwamba kipya ni bora. Wahenga waliikejeli imani hiyo zamani: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wengine hutoa methali ya nguo ya kuazima haisitiri matako, wakiilenga mitumba. Methali ni nzuri, ila hapa haihusiki. Mtumba haukuazimwa. Umenunuliwa kwa jasho, umefuliwa, umepigwa pasi, na umemsitiri mwenyewe na wanawe. Nasema haya nikiwa mmoja wa waliositiriwa. Makoti niliyovaa mbele ya wanafunzi na wazazi kwa miaka mingi ya ukuu wa shule yalikuwa ya mitumba.

Najua hoja moja nzito itatolewa dhidi yangu, nami siikwepi. Itasemwa kwamba mitumba iliua viwanda, na taifa lisilojifumia nguo lina haki ya kuona aibu. Suala la viwanda ni la kweli. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana nguo na viatu vilivyotumika viondolewe katika masoko yetu kufikia mwaka 2019. Mwaka 2017 Marekani ikaanza kuangalia upya haki zetu katika mpango wake wa AGOA, ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Nchi nyingi zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ile. Kwa hiyo mwenye kukasirika anayo sababu. Lakini tukumbuke mpangilio wa mambo: rafu za maduka zilikuwa tupu, na mashine za viwanda zilikuwa zimekwisha kusuasua, kabla bunda la kwanza la mitumba halijafunguliwa. Na zaidi ya hayo, hasira hiyo iwafikie waweka sera na wenye mitaji. Kiwanda hakifufuki kwa kumtukana mama anayetandika nguo chini, sembuse kwa kumtukana binti aliyeachika.

Yapo hata mambo ya kufurahisha katika habari hii. Mji wa Serikali kule Dodoma, uliozinduliwa Aprili 2019, umejengwa mahali paitwapo Mtumba, na wizara zimehamia huko. Barua zinaandikwa anwani ya Mtumba, mawaziri wanakwenda kazini Mtumba, wala hakuna anayeona kwamba serikali imepungukiwa kitu. Neno halina ubaya likitamkwa na mtu asiyekusudia ubaya.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama jina la bunda, mtumba ni neno safi la kale. Kama jina la nguo na vitu vilivyotumika, ni neno zuri lililobuniwa na watu wa soko bila msaada wa kamati yoyote, nalo lastahili nafasi yake katika kamusi na katika madaftari ya shule. Kama jina la mtu, ni kosa la sarufi na la uungwana. Mwanafunzi akiandika kwamba amevaa shati la mtumba, mwalimu asimkate maksi wala asimsahihishie. Akiandika kwamba fulani ni mtumba, mwalimu aweke chini kalamu nyekundu, amwite, na amsimulie habari za wapagazi: jinsi walivyobeba, walikobeba, na kwamba katika msafara wote ule hakuna hata siku moja mbebaji aliyehesabiwa kuwa ndiye mzigo.